Nili Kwenye Taa ya Sista Pauline

Kaloleni, Voi
Ijumaa, baada ya swala

Fundi wangu,

Redio ya yule mzee wa posta bado inakohoa. Nimeifungua mara tatu, nimebadilisha kapasita, nimeipiga kibao ubavuni kama ulivyokuwa ukifanya wewe ukidhani sioni, na bado. Jana alikuja, akasimama mlangoni, akakitazama kiti chako, akasema, "Basi iache tu, binti." Akaenda zake. Wengi wanafanya hivyo siku hizi. Wanakuja na vitu vyao chini ya kwapa, wanakiona kiti, wanasahau walichokuja kuuliza.

Arobaini yako imepita na hitima imesomwa. Mkeo Bi Rukia bado yumo edani, nampelekea maziwa asubuhi kabla sijafungua kibanda. Mimi ndiye niliyebaki na ufunguo, mimi Mghoi, yule uliyemchukua kuwa mwanafunzi wako siku alipoleta redio ya baba yake imejaa mende akakataa kuondoka kabla hajaona kilichomo ndani. Watu walikucheka. Binti wa milimani kushika solda! Ukawaambia solda haiulizi mtu amevaa suruali au leso.

Ninakuandikia kwa sababu nimelivunja neno lako. Nimemwambia Mama Wakesho habari ya taa.

Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine, kama huko uliko habari zinafika. Na nitaisema yote tangu mwanzo, hata unayoyajua, maana miaka minne tulifanya kazi meza moja na hatukuwahi kuisema kwa sauti.

Kibanda kinanitisha, Fundi. Nisikufiche. Kila saa nane mchana jua linapita kwenye kile kipande cha chupa ya buluu ulichokiacha dirishani, na doa la buluu linatua mezani, linatambaa polepole, linapanda kiti chako na kukaa. Linakaa pale pale ulipokuwa ukikaa. Ningeweza kukiondoa hicho kipande, ni kunyoosha mkono tu. Mkono unakataa. Basi nageuza mgongo, nawasha redio zote zilizopona, na naendelea kuchomelea nikijua liko nyuma yangu. Juzi mteja aliniuliza mbona nazungumza peke yangu. Nikamwambia nahesabu nyaya.

Sasa nianze.

Sista Pauline alikuja mwenyewe siku ile, na sweta lake lile la kijani asilolivua hata Voi ikichemka. Alisema taa yake ya watoto imekufa na ana mtoto wa siku tatu, manjano hata weupe wa macho. Tukaenda wote wawili mpaka nyumba yake ya uzazi nyuma ya soko, vitanda sita na harufu ya dettol. Ile taa ilikuwa sanduku la bati lenye tyubu nne, linaning'inia juu ya kitanda kidogo. Wageni fulani walikuwa wamemletea miaka mingi nyuma. Alitueleza kwamba mtoto akiwa manjano hivyo dawa yake si sindano wala maji ya kunywa, ni mwanga wenyewe. Mwanga wa buluu unaingia kwenye ngozi, unaivunja ile manjano ndani ya mwili, na mtoto anaitoa kwa haja. Nakumbuka ulivyotikisa kichwa kwa furaha. Ulipenda sana kitu kikiwa na akili.

Tyubu mbili zilikuwa zimekufa kabisa. Mbili zilikuwa zinapepesa, nyeusi kwenye ncha. Zile za buluu hazikupatikana Voi, na kuagiza Nairobi ni wiki mbili. Sista akasema mtoto hana wiki mbili. Dukani karibu na stesheni walikuwa na tyubu nyeupe za kawaida, urefu ule ule.

Hapo ndipo ulipofikiri nili.

Sikulaumu kwa kufikiri, Fundi. Mtu mwingine asingefikiri, lakini wewe ulikulia kwa mama anayefua kanzu za watu, na kila Alhamisi ulimwona akitia nili kwenye maji ya mwisho na kanzu zikatoka zinang'aa kuliko zilivyokuwa mpya. Ulisema, "Nili huzidisha weupe wa kanzu. Itashindwaje kuzidisha buluu ya taa?" Mimi niliona ni hekima kubwa. Tulinunua pakiti mbili za nili, tukaikoroga na vanishi ya mbao kwenye kopo la maziwa. Mimi ndiye niliyekoroga. Ulisema, "Hebu nshikie, mwanangu, usiitingishe," nikashika tyubu kwa ncha zake mbili kama ninavyoshikilia uzi mama akisokota, na wewe ukapaka, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu ili ikolee. Vidole vyangu vilibaki buluu siku tatu.

Tulipowasha, chumba kizima kikawa buluu. Meno yetu yakawa buluu. Sista akapiga makofi. Mama wa mtoto alikuwa amelala ubavu kitandani, msichana mdogo tu, mtoto wake wa kwanza, na mwezi haujaisha tangu amzike mama yake mzazi huko Marungu. Akainua kichwa akasema, "Mungu aibariki hiyo mikono yenu." Tukapewa chai. Nilijivuna, Fundi. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba leo nimetengeneza kitu cha kumponya mtoto. Hilo linaniuma kuliko yote, kwamba nilikuwa na furaha siku ile.

Wakesho alilala chini ya taa yetu siku nne.

Hakuna aliyejua kwamba manjano haipungui, kwa sababu chini ya ile buluu hakuna aliyeiona. Sista alikuwa akimbonyeza pua kwa kidole atazame rangi ya ngozi, anaona buluu. Mapazia yalikuwa yamefungwa ili jua lisimchome. Mama yake alisema, "Mnaona? Ameshakuwa mweupe." Siku ya nne Wakesho alikataa titi. Alianza kujikunja mgongo nyuma kama upinde na kulia kwa sauti nyembamba ambayo Sista alisema hakuipenda. Walipomtoa nje kwenye gari la kwenda Mombasa, mwanga wa jua ukampiga, na mama yake akapiga yowe. Tulikuwa tumesimama pale barabarani na vumbi. Tuliiona sisi pia hiyo rangi.

Mombasa walimbadilisha damu. Alirudi baada ya wiki tatu, hai, ananyonya, na Kaloleni yote ilikwenda kumtazama. Wewe ulipeleka unga wa uji na ukamnunulia kofia ya sufi nyeupe. Nilidhani yamekwisha.

Lakini kabla hajarudi, alikuja yule fundi wa mitambo ya hospitali kutoka Mombasa kufunga tyubu mpya za Sista. Sista alikuwa chumba cha pili anazalisha. Tulimkuta mtu mwembamba, mpole, na kifaa kidogo mkononi chenye jicho la kioo. Kabla hajazitoa tyubu zetu aliliweka lile jicho chini yake, pale pale penye godoro la mtoto, akakitazama kifaa, akakigonga, akakitazama tena. Hakucheka. Aliuliza ni nani amepaka. Ulisema ni wewe. Akasema, "Nili haiongezi buluu, mzee. Inazuia rangi nyingine zisitoke, na hata hiyo buluu kidogo iliyokuwamo inaila. Jicho linaona buluu tupu, linafikiri ni nyingi." Kisha akauliza, "Zilitumika hizi?"

Nawe ukasema, "Kidogo."

Sikusema kitu, Fundi. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na vidole vyangu vilikuwa vimeshatoka rangi, na sikusema kitu. Lile neno lako "kidogo" linanirudia nikiosha vyombo, nikifunga vifungo vya blauzi, nikiwa kanisani katikati ya wimbo. Ni neno dogo sana, na lilitutosha wote wawili.

Ulizichukua zile tyubu ukazifunga kwa gazeti. Wiki ikapita. Kisha ukafungua kalkuleta mbovu, ukaitoa ile sola yake ndogo, ukaifunga kwenye mita yetu ya mshale, na mbele yake ukaweka kipande cha chupa ya dawa ya tumbo, ile chupa ya buluu, ili ipite buluu peke yake. Ukapima tyubu mpya za Sista. Mshale ulikwenda mpaka sitini. Ukapima tyubu nyeupe ya kawaida kutoka dukani, tupu, bila chochote. Ishirini na mbili. Ukafungua gazeti, ukapima ya kwetu.

Tisa.

Ulipima tena. Ukafuta kioo, ukabadilisha betri ya mita, ukapima tena. Tisa. Tungeziacha jinsi zilivyotoka dukani zingemfaa mtoto mara mbili na zaidi. Kazi yetu yote ya siku ile, koroga na paka na shika usitingishe, ilikuwa ni kumpunguzia. Uliiweka mita mezani ukatoka nje ukasimama karibu na reli mpaka treni ya mizigo ikapita, na uliporudi macho yako yalikuwa mekundu ukaniambia ni vumbi. Ni kweli vumbi la Voi ni baya.

Baada ya hapo ukawa mtu wa kupima. Ulinifundisha kama unayelipiza kisasi kwa mtu. Ulisema, "Mwanga ni kama maji ya bomba, mwanangu. Usiulize kama yanatoka. Uliza yanatoka kwa kasi gani na ndoo imekaa chini yake muda gani. Bomba likidondoka, hata ukiweka ndoo kutwa utapika nini?" Na sisi wa Kaloleni tunalijua bomba linalodondoka. Ukanionyesha kwamba Sista akiinua sanduku juu kidogo ili apitishe mikono, mshale unashuka. Kwamba tyubu inaweza kuwaka mwaka mzima, inang'aa machoni vizuri tu, na buluu yake imekwisha nusu. Kwamba leso ambayo mama anamfunika nayo mtoto asipatwe na jicho la watu inazima karibu kila kitu, hata ikiwa nyepesi. Uliwatoa wale mama leso mikononi kwa upole, moja moja, ukisema, "Kitambaa cha macho kinamtosha, mama, mwili iachie taa." Walikuita mzee wa ajabu.

Kila Ijumaa kabla ya swala ulikwenda kwa Sista, ukaweka mita juu ya godoro, katikati na pembe nne, ukaandika namba kwenye plasta ukaibandika kwenye sanduku. Hata wakati wa mvua ile ya Elinino barabara ilipokuwa mto, ulikwenda umevua viatu. Namba ilipofika thelathini na tano uliagiza tyubu mpya mwenyewe. Kuna watoto wanakimbia hapa mtaani leo kwa sababu ya Ijumaa zako. Najua. Nimewahesabu nikitafuta usingizi. Lakini kila ninapofika mwisho wa hesabu anasimama Wakesho, na hesabu inavurugika.

Alikuwa na mwaka na miezi. Mama yake alikuja kuchukua pasi. Ulikuwa umeunganisha spika kubwa, ikapiga kishindo ghafla mpaka mimi nikaangusha bisibisi na kuku wa jirani wakaruka. Wakesho alikuwa ameketi sakafuni karibu na spika. Aliendelea kuchezea kifuniko cha chupa. Mimi na wewe tukatazamana. Ndiyo hiyo tu, tulitazamana. Mama yake hakuona, alikuwa anafungua pochi.

Siku zako za mwisho, kifua kimekubana, ulinishika mkono ukasema, "La taa nimekuachia wewe, Mghoi. Lisitoke kibandani." Niliitikia kwa kichwa. Ningefanya nini, ulikuwa unavuta pumzi kama unaitafuta chini ya kitanda.

Na siku ya maziko ikaja ile desturi yenu. Sisi wanawake tulikuwa uani kwa Bi Rukia, na kabla jeneza halijatoka sauti ikasema aliyekosewa na marehemu amsamehe, kwa ajili ya Mungu. Watu wakanong'ona nimesamehe, nimesamehe. Mama Wakesho alikuwa ameketi bega kwa bega na mimi, mtoto amelala mapajani mwake. Yeye si Mwislamu, hajui kwamba inatosha kunong'ona. Akasema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Mimi alinitendea mema tu. Lakini kama kuna kitu, nimemsamehe chote." Wanawake wakamsifu. Nilitaka ardhi inipasukie. Alikusamehe mtu asiyejua anasamehe nini, na ninyi mnasema mja asiposamehewa na mwenziwe Mungu haingilii kati. Hivi ule msamaha ulikufikia? Ulikufuata mpaka huko au ulibaki pale uani kwenye mikeka? Nimejiuliza hilo kuliko ninavyojiuliza habari za dhambi zangu.

Mpaka hapo nilikuwa bado nimelishika neno lako. Ningelishika mpaka leo.

Mwezi uliopita Mama Wakesho alikuja kibandani na kitambaa cheusi kichwani. Ana mimba, Fundi, miezi saba. Wakesho alikwenda moja kwa moja kwenye spika akaiwekea kiganja, kama anavyofanya siku zote, akawa anacheka kila ngoma inapopiga. Mimi nikamuuliza mama yake amefiwa na nani. Akasema baba yake mzazi. Wamemzika Marungu Jumamosi.

Nikamuuliza barabara ilikuwaje. Akasema, "Sikuenda."

Nikadhani amegombana na ndugu. Akasema hapana. Akasema, "Mghoi, wewe unajua Wakesho alizibwa na nini?" Nikadhani anajua. Akanieleza. Mama mkwe wake amemwambia tangu mwaka ule kwamba masikio ya mtoto yalizibwa na maiti. Kwamba alikwenda kwenye mazishi ya mama yake akiwa na tumbo kubwa, akamtazama kwenye sanduku, akamgusa shavu, na kilichokuwa kimenyamaza kikaingia kwa mtoto. Mama mkwe amelisema kisimani, amelisema kanisani, amelisema mbele ya mume wake, na huyo mume, aliyekuwa akija kutoka Mombasa kila mwisho wa mwezi, akawa anaonekana Pasaka na Krismasi tu. Miaka minne ameogopa kushika mimba nyingine. Na sasa ameishika, na baba yake amekufa. "Ningeenda aje?" akasema. "Niue masikio ya huyu pia? Nilikaa tu kwa nyumba nikasikia treni. Nikajiambia sasa wanamtoa. Sasa wanamshusha."

Hapo ndipo niliposhindwa, Fundi. Ningeweza kuubeba uziwi wa Wakesho nikiwa nimenyamaza, Mungu anisamehe, maana nilijiambia kusema hakutamrudishia kitu. Sikujua kwamba kuna mtu mwingine alikuwa ameubeba wakati wote ule, mgongoni, peke yake, mzigo ambao ulikuwa wetu. Hukujua wewe pia. Naamini hukujua. Lakini hatukuuliza, sisi wapimaji wakubwa.

Nilifunga mlango. Nikatoa zile tyubu chini ya benchi, bado zimo kwenye gazeti lako. Nikawasha nyeupe, nikaweka mita, nikamwonyesha mshale. Nikawasha ya nili, nikamwonyesha. Wakesho alifurahi kuona mshale unaruka, alitaka nirudie. Nikamwambia mama yake kila kitu. Nili, vanishi, nani alipaka, nani alishika. Nikamwambia manjano ikizidi mwilini huua masikio ya mtoto mchanga, na kwamba sijui kwa hakika kama taa nzuri ingemwacha akisikia, hata daktari hawezi kuapa, lakini siku nne zile zilipotea na sisi ndio tuliozipoteza. Nikamwambia maiti ya mama yake haikuziba masikio ya mtu yeyote.

Nilingoja anipige. Aliketi kwenye kiti chako, hakuna mtu aliyekikalia tangu uende, akautazama ule mshale muda mrefu.

Akasema, "Kwa hivyo si mimi."

Nikasema si wewe.

Akasema, "Na Fundi alijua?"

Nikasema alijua.

"Miaka yote hii akinisalimia hapa? Akimpa mtoto peremende?"

Nikasema ndiyo. Sikukutetea, Fundi. Nilitaka kumwambia habari ya Ijumaa zako, na viatu mkononi kwenye mafuriko. Aliinuka, akamchukua mtoto, na mlangoni akasema bila kugeuka, "Baba yangu nimemkosa bure." Nilimsikia akilia mpaka kwenye kona ya msikiti.

Siku tisa hakupita hapa. Nilikwenda kwa Bi Rukia, nikamweleza na yeye, maana jina lako ni nguo anayovaa. Alinisikiliza akivuta tasbihi yake. Kisha akasema alijua kuna kitu. Kwamba kila Ijumaa ulikuwa ukirudi kutoka kwa Sista unaosha mikono kuliko udhu unavyotaka. Akasema, "Mimi siwezi kumsamehe kwa niaba ya mwenziwe. Nenda ukafanye atakalo." Sikutegemea. Nililia kwenye paja lake kama mtoto wake.

Juzi Mama Wakesho akaja. Hakuketi. Alisema ule msamaha wa siku ya mazishi ameurudisha, alitoa kitu asichokijua, na akiwa tayari atautoa tena akijua uzito wake, au hatautoa. Ninakuambia kama alivyosema, sikupunguza. Kisha akasema, "Jumamosi utakuja Marungu na hiyo mita yako na hizo tyubu. Utasimama mbele ya mama mkwe, na wale wote wa kisimani wataitwa. Mume wangu nimemtumia neno, atakuwa hapo. Utasema yote. Usiache jina la mtu." Nikasema nitakuja. Akaniuliza kama kule kwao hakuna umeme nitawashaje. Nikamwambia nitabeba betri ya gari. Akaitikia kwa kichwa akaenda.

Kwa hivyo kesho, Fundi, ninakwenda kuliharibu jina lako. Nimezungusha hili neno kichwani nikitafuta jina zuri zaidi na sikulipata. Ulinifundisha kazi wakati hakuna aliyetaka kunifundisha hata kushona vifungo. Nakupenda na nina hasira na wewe, na vyote viwili vinalala kitanda kimoja na mimi. Kama unanitazama ukiwa umekasirika, kasirika. Hata hivyo nitakwenda kwa Sista Ijumaa ijayo na zile nyingine zote, nitapima katikati na pembe nne, nitaandika namba, na hilo nakuahidi nikiwa na mikono na macho.

Nitawaambia alipaka Athumani, fundi redio wa Kaloleni, mtu mwema, akakosea, akajua, akanyamaza. Nitawaambia tyubu alishika Mghoi, na Mghoi naye alijua, naye akanyamaza. Sitasema "kidogo".

Mama Wakesho ameniomba kitu kingine. Akimaliza kwa mama mkwe anataka nimsindikize upande wa pili wa kijiji, kwenye kaburi la baba yake. Udongo bado haujakauka. Amesema atasimama karibu kabisa, na tumbo lake lile, mbele ya watu, na atatazama mpaka atosheke.

Kwaheri, Fundi wangu.

Mghoi